Mashine Ikipanda Mlima: Mhadhara kwa Wachapaji wa Mlalo



Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo wengi wenu mnalijadili dukani kila siku. Printa ndogo za wino wa chupa zimeelemewa, wateja wanataka kadi za harusi za karatasi nene, shule zinataka mitihani kwa maelfu, na mawakala wa mashine kubwa wanapiga simu kutoka Dar es Salaam wakitaja bei na kusema kuna ofa mwisho wa mwezi. Je, mtu anunue nini?

Nitautoa msimamo wangu mapema ili anayetaka kunipinga aanze kujiandaa. Mwenye duka la chapa Mlalo ajiulize mambo mawili kabla ya mengine yote: kazi ya uhakika ya kuilisha mashine iko wapi, na fundi wa kuitengeneza yuko wapi. Kasi, jina la kampuni na ukubwa wa skrini vitafuata, na vingine havitakuwa na haja ya kufuata.

Milima hii ya Usambara si ngeni kwa chapa. Kule Magila, chini ya Usambara ya Mashariki upande wa Muheza, misheni ya Kianglikana ya UMCA ilikuwa na chapa yake tangu karne ya 19. Hapo ndipo kilipochapwa, kwa sehemu sehemu kati ya 1895 na 1907, kitabu cha Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi kiitwacho Habari za Wakilindi, ambacho mpaka leo hakuna anayeandika historia ya Ushambaa bila kukifungua. Hapa Mlalo Walutheri walifika 1891 wakapaita Hohenfriedeberg, jina ambalo wenyeji hawakulihitaji. Baadaye chapa ya misheni ikawa na makao Vuga, na wazee waliomo humu wameshika mikononi vitabu vya Kiswahili na Kishambaa vyenye jina la Vuga Mission Press kwenye ukurasa wa mwanzo.

Nayataja hayo kwa sababu ya biashara, si kwa ajili ya kumbukumbu tu. Chapa za misheni zilikuwa na vitu viwili ambavyo wengi wetu hatuna. Kwanza, kazi ilikuwepo kabla ya mashine: nyimbo, katekisimu, vitabu vya kusomea shuleni, na waumini waliokuwa wakivisubiri. Pili, aliyeiendesha mashine aliishi nayo mlimani na aliweza kuifungua. Herufi za risasi zikichakaa huyeyushwa zikamiminwa upya, na nati ikikatika mhunzi hodari huchonga nyingine. Hata mashine za ofseti zilizokuja baadaye, ambazo asili yake ni ugunduzi wa Ira Rubel kule Marekani mwaka 1904, bado ni chuma, mpira, maji na wino. Fundi aliyezoea huisikiliza tu akajua rola gani imekaa vibaya.

Mwaka 1993 mambo yalibadilika. Mwaka huo kampuni mbili, Indigo ya Benny Landa na Xeikon ya Ubelgiji, zilionyesha mashine za rangi zinazochapa moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta bila pleti. Mizizi yake ilikuwa ya zamani zaidi, maana Chester Carlson alipata nakala yake ya kwanza ya poda kavu tarehe 22 Oktoba 1938, na mashine ya kopi ya Xerox 914 ikatoka 1959. Lakini tangu 1993 mtu akaweza kuchapa kadi 50 za rangi, kila moja na jina lake, bila kulipia pleti nne na bila kupoteza karatasi mia ili rangi zikae sawa. Kwa mji mdogo kama wetu hiyo ni neema kubwa, kwa sababu oda zetu ni ndogondogo. Hakuna anayeoa Mlalo akachapa kadi 10,000.

Neema hiyo ilikuja na sharti lake. Mashine ya namna hii ikigoma huandika namba kwenye skrini. Namba ile ina maana kwa mtu mwenye kitabu cha mafundi, kompyuta yenye programu ya kampuni, na kipuri mkononi. Mhunzi hana nafasi hapo. Kutoka Dar es Salaam hadi hapa ni zaidi ya kilomita 350, na mvua za masika zikizidi, barabara ya Mombo kupanda Soni huweza kuzibwa na udongo na mawe. Mwenye duka Kariakoo ambaye mashine yake imegoma saa nne asubuhi anaweza kuwa na fundi saa nane. Wewe uliye Mlalo, hata fundi akiwa na moyo mwema, ni kesho, na kama kipuri hakipo ni wiki ijayo. Harusi iko Jumamosi.

Tuzitazame basi mashine zenyewe, kwa namna zinavyofanya kazi. Wauzaji huzipa majina mengi, lakini kwa mahitaji yetu ziko za aina tatu.

Ya kwanza mnaijua nyote: printa ya wino wa maji yenye matangi. Epson ilianza kuuza za namna hiyo Indonesia mwaka 2010, na leo ni nadra kuingia stesheneri ya Tanzania usiikute moja kwenye meza ya pembeni. Ni rahisi kununua, inakula umeme kidogo sana, na picha zake ni nzuri. Udhaifu wake ni mwendo wa pole, na mara nyingi wino wake ukipata tone la maji huchuruzika. Kadi iliyopita kwenye mvua ya vuli kati ya Mlalo na Mtae hufika ikiwa na bwana harusi wa rangi mbili. Printa hizi zibaki kwa picha za pasipoti na kazi za hapa na pale. Sizidharau, ila hazitoshi kubeba duka zima.

Ya pili ni riso, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa naona vijana wanaidharau wakidhani ni mashine ya kizamani. Riso Kagaku ya Japani ilianza kuitoa miaka ya 1980. Haina leza wala moto wa kukaangia karatasi. Huuchora ukurasa kwa kutoboa matundu madogo mno kwenye utando mwembamba uitwao masta, huuvisha utando huo kwenye dramu yenye wino ndani, kisha karatasi hupita na wino ukapenya matunduni. Ukishatengeneza masta mmoja, nakala ya 5 na nakala ya 2,000 zinatoka kwa mwendo uleule, na mashine nyingi za aina hii hufikia nakala 130 kwa dakika. Kwa sababu haipashi karatasi moto, inatumia umeme kidogo, haina tanuri la kuungua, na hata umeme ukikatika katikati ya kazi hupotezi zaidi ya karatasi moja. Kasoro zake ni wazi pia. Wino wake ni wa mafuta, kwa hiyo haukauki kwenye karatasi inayong'aa. Kila rangi inataka dramu yake. Picha ya mtu hutoka na vidoti vya gazeti la zamani. Kadi ya harusi usiipeleke huko.

Ya tatu ndiyo inayotamaniwa: mtambo wa rangi wa tona, wa daraja la kati. Mfano ni Xerox Versant 80 yenye kurasa 80 za A4 kwa dakika, Konica Minolta AccurioPress C3070 yenye 71, na Ricoh Pro C5200 yenye 65. Zote hupokea karatasi ya gramu 350 au zaidi kidogo, yaani kava na kadi nene. Ndani yake leza huchora ukurasa kwa chaji ya umeme juu ya dramu, poda ya tona ikanasa palipochorwa, ikahamishwa na mkanda hadi kwenye karatasi, kisha karatasi ikapita kwenye fuza yenye joto la nyuzi zinazokaribia 200, poda ikayeyuka na kushika. Kasi inayotajwa kwenye kipeperushi ni ya karatasi nyepesi. Ukiweka kadi nene mashine hupunguza mwendo yenyewe, wakati mwingine kwa nusu au zaidi, kwa kuwa karatasi nene inachelewa kupata joto. Muulize wakala kasi ya gramu 300. Akikwepa swali, umepata jibu.

Hapa kuna jambo la milimani ambalo wakala wa Dar es Salaam hatalifikiria. Tona huhamishwa kwa umeme tuli. Karatasi iliyonyonya unyevu huipitisha ile chaji ikapotea, na matokeo yake rangi hutoka hafifu, yenye mabaka kama ngozi yenye upele. Ikifika kwenye fuza, maji yaliyomo hugeuka mvuke, karatasi ikajikunja, ikanasa. Mafundi wa karatasi hupenda chumba chenye unyevu wa asilimia 40 hadi 60. Mlalo mwezi wa Juni, ukungu ukiwa umelala bondeni hadi saa tano, hupati kiwango hicho kwa kufungua dirisha. Nenda kwenye stoo yako, chukua rimu iliyofunguliwa wiki mbili zilizopita, iweke juu ya meza iliyo sawa, uinamishe macho usawa wa karatasi. Utaona kingo zimefanya mawimbi. Karatasi hiyo ukiilisha mashine ya milioni 40 itanasa, na utamlaumu mtengenezaji bure.

Dawa yake haihitaji fedha nyingi. Rimu zisikae sakafuni wala zisiegemee ukuta wa nje, bali ziwe juu ya mbao. Zisivuliwe karatasi yake ya nje hadi saa ya kutumika, na zilale usiku mzima kwenye chumba cha mashine kabla ya kazi ili zizoee joto la humo. Kipimo cha unyevu cha kuning'iniza ukutani ni cha bei ndogo. Mashine bora huwa na kipasha trei, ambacho hufanya kazi hata ikiwa imelala, mradi umeme haujazimwa. Wengi wetu tunafunga duka jioni kwa kuzima swichi ya ukutani ili kuokoa LUKU, na asubuhi tunashangaa karatasi za kwanza 20 zinaharibika.

Umeme wenyewe unataka hesabu yake. Mtambo wa tona unahitaji laini yake peke yake kutoka kwenye mita, waya mnene na ethi ya kweli iliyochimbiwa ardhini. Usiuunge kwenye soketi moja na birika la chai. Jenereta ya kuwasha taa na kompyuta haitaliwasha tanuri la fuza. Kompyuta inayoongoza mashine iwe na UPS, kwa maana kuzimika ghafla huharibu diski yake, na diski hiyo ndiyo yenye programu ya rangi. Kabla ya kusaini chochote, mwite fundi umeme mwenye leseni aje apime volti dukani kwako jioni, saa ambazo kila nyumba inapika na kuangalia taarifa ya habari. Kipimo cha saa nne asubuhi hakitakuonyesha tatizo.

Sasa fedha. Namba nitakazotoa ni za mfano, na kila mmoja atie zake. Tuseme mtambo wa rangi uliotumika unauzwa shilingi milioni 45, na benki inakukopesha zote kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, ulipe kwa miaka mitatu. Marejesho ni kama shilingi 1,627,000 kila mwezi. Tuseme unauza ukurasa wa A4 wa rangi kwa 500, tona na uchakavu wa vipuri ni 120, karatasi ni 60. Unabakiwa na 320. Gawanya: unahitaji kurasa 5,084 za rangi kila mwezi ili tu umlipe mwenye benki. Kwa siku 26 za kazi ni kurasa 196 kwa siku. Hapo hujalipa pango, umeme, mshahara wa kijana anayeendesha, wala kodi. Mwezi wa harusi nyingi, kurasa 196 zinapatikana kabla ya saa sita. Mwezi wa Aprili, mvua inanyesha, wakulima wako kwenye viazi na kabichi na hakuna mwenye pesa mkononi, unaweza kukaa siku nzima unachapa barua ya maombi ya kazi. Benki haina masika.

Linganisha na mtihani wa majaribio wa shule moja. Wanafunzi 400, masomo 8, kila karatasi ya mtihani ina kurasa 4. Hizo ni kurasa 12,800 za rangi nyeusi. Kwa mashine ya tona yenye gharama ya shilingi 20 kwa ukurasa, ukiacha karatasi, ni 256,000. Kwa riso unahitaji masta 32. Tuseme kila mmoja ni 1,500, jumla 48,000. Wino wa shilingi 4 kwa ukurasa ni 51,200. Jumla 99,200. Umeokoa 156,800 kwenye shule moja, mtihani mmoja. Ukiichimba hesabu hiyo utaona mpaka wake: kwa namba hizi riso inaanza kuwa na faida ukifika nakala 94 za ukurasa mmoja. Chini ya hapo masta ni hasara, tumia tona. Andika namba ya duka lako kwa kalamu nene ukaibandike juu ya mashine, ili kijana wako asitengeneze masta kwa nakala 30.

Shule ndiyo kazi ya uhakika ya Mlalo, na siku za mitihani zinajulikana. Lakini mteja huyu ana tabia zake. Tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, shule ya umma inaendeshwa kwa ruzuku ya serikali, na kwa kila mtoto ruzuku hiyo ni ndogo. Kwa hiyo mwalimu mkuu anaijua bei ya nakala hadi senti. Anataka risiti ya EFD. Na tangu 2023 ununuzi wa taasisi za umma umehamia kwenye mfumo wa NeST, kiasi kwamba duka lisilosajiliwa humo linaweza kuwa na mashine ya kwanza kwa ubora wilayani likabaki kuchapa mialiko ya vikao vya harusi. Kujisajili ni kazi ya kukaa mbele ya kompyuta ukiwa na TIN na leseni mkononi. Ningemshauri mtu akamilishe hilo kabla hajaenda kutazama mashine yoyote.

Tena mtihani ni amana. Chumba kifungwe, nakala zilizoharibika zichomwe siku hiyohiyo, masta zilizotumika ziondolewe kwenye kikapu cha mashine, kwa kuwa masta uliotupwa unasomeka vizuri tu ukiushikilia kwenye mwanga. Mashine za kidijitali nazo huhifadhi kazi kwenye diski, na mtu akibonyeza mara mbili huweza kuirudia, kwa hiyo ziwekwe neno la siri. Mwalimu atakayesikia kwamba mtihani ulionekana mtaani hatarudi, na wala hatakueleza sababu.

Nije kwenye mitumba, maana najua ndiko mioyo iliko. Mashine nyingi za daraja la kati zinazoingia nchini zimekwisha kufanya kazi Ulaya au Ghuba. Siyo vibaya. Lakini usinunue kwa kuitazama rangi ya bodi. Kila mtambo wa namna hii una mita ndani yake, na huchapa ripoti ya kurasa ilizowahi kutoa pamoja na umri wa kila dramu, mkanda na fuza. Omba ripoti hiyo ichapwe mbele yako. Muuzaji akisema inachapwa baadaye, baadaye hiyo hutaiona. Halafu uliza juu ya tona: baadhi ya watengenezaji huweka chipu inayotofautisha kanda za dunia au aina ya mkataba, na mashine iliyouzwa Ulaya chini ya mkataba wa huduma inaweza kuikataa tona utakayonunua Dar es Salaam. Mashine inawaka, taa zote za kijani, na haitaki kula.

Nenda na karatasi yako mwenyewe na faili lako mwenyewe. Picha za maua wanazokuonyesha zimechaguliwa kwa sababu maua hayana kosa. Chapa ukurasa wote wa kijivu hafifu, uutazame kwenye mwanga wa mchana. Mstari mmoja mwembamba unaojirudia kutoka juu hadi chini ni dramu au mkanda uliokwisha. Chapa fremu pande zote mbili za kadi, uishike kwenye mwanga wa dirisha, utaona kama mbele na nyuma vinakutana. Chapa rangi nzito ya zambarau au samawati kwenye gramu 300, uikunje katikati kwa kucha. Tona ikipasuka na mstari mweupe ukatokea kwenye mkunjo, kila kadi ya harusi ya kukunja itakuwa na mstari huo, isipokuwa uwe na mashine ya kuipigia kadi mfereji kabla ya kukunja. Kisha omba karatasi 300 mfululizo za kadi nene, ukae uhesabu mara ngapi inanasa. Muuzaji atakuambia unapoteza muda, nawe umwambie kwamba huna haraka.

Juu ya mkataba wa kliki nitasema kifupi. Ni makubaliano kwamba kwa kila ukurasa unalipa kiasi fulani, na kampuni inaleta tona, vipuri na fundi. Kwa duka la mjini ni mpango mzuri. Kwetu thamani yake inategemea sentensi moja tu: fundi atafika ndani ya saa ngapi, Mlalo, siyo "mkoa wa Tanga". Iandikwe hivyo, na iandikwe nini kitatokea asipofika. Pia uangalie kama kuna idadi ya chini ya kurasa unayolipia hata usipozichapa, na kama ukurasa wa A3 unahesabiwa mmoja au miwili. Kwenye mkataba wangu wa kwanza wa namna hiyo, na kampuni nisiyoitaja, fundi alikuwa akifika Lushoto mjini, anapiga simu niipeleke mashine huko. Mashine ya kilo 300.

Wenzetu wengine wamependekeza maduka manne yaungane kununua mtambo mmoja. Wazo ni jema kwenye karatasi. Ila niambieni kwanza ufunguo wa chumba atakaa nao nani, na Ijumaa ya kabla ya harusi tatu foleni inaanza kwa nani. Mkikubaliana juu ya hayo mawili kwa maandishi, nawapa baraka zote.

Kuna njia nyingine ambayo haina sifa lakini ina pesa. Si lazima kila kinachotoka dukani kwako kiwe kimechapwa dukani kwako. Kazi ya kalenda 1,000 za rangi, iwe ya dayosisi, ya msikiti au ya SACCOS, ni kazi ya ofseti ya Tanga au Dar es Salaam. Wewe chukua oda, sanifu, hakiki maandishi, tuma faili, basi litaleta karatasi bapa, nawe umalizie hapa: kukata, kukunja, kupiga pini, kugundisha, kutia laminesheni. Faida ya kumalizia kazi ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani, na vifaa vyake havina programu wala chipu. Gilotini nzuri yenye kisu kinachonolewa itazeeka nawe. Nimeona maduka yenye printa ya milioni nyingi yakikata kadi kwa rula na wembe, kingo zimepinda, na mteja analipa huku akinung'unika. Fedha ya kwanza aliyoiweka mtu akiba aitoe kwa gilotini.

Na kazi mpya ipo kwa mwenye kuitafuta. Milima hii inatoa vitu vya kuuzwa kwenye chupa na pakiti: jamu na jibini za Irente, mvinyo na karanga za makadamia za Sakharani, chai, asali, viungo, na akina mama wengi wa vikundi wanaosindika matunda nyumbani. Kila chupa inataka lebo yenye jina, uzito, tarehe ya kuisha muda, na kwa anayetaka kuingia maduka makubwa, msimbopau, ambao kwa bidhaa zilizosajiliwa GS1 Tanzania huanza na 620. Mjasiriamali mdogo anataka lebo 200, mwezi ujao 200 nyingine zenye tarehe tofauti. Ofseti haimtaki. Printa ya wino wa maji itamharibia, kwa sababu jamu inamwagika na friji inatoa jasho. Hapo mtambo wa tona, wenye stika nzuri, hauna mpinzani. Lakini nenda kaongee na vikundi hivyo kabla, uone wangapi wako tayari kulipa, na uandike majina na idadi kwenye daftari. Daftari hilo ndilo litakalokuonyesha kama kurasa 196 za siku zipo au hazipo.

Basi kwa mwenye duka aliye na milioni saba au nane za akiba leo, hapa Mlalo, hukumu yangu ni hii. Anunue gilotini. Anunue riso iliyotumika yenye mita inayoeleweka, masta na wino wake vikiwa vinapatikana Tanga. Aongeze mashine ya kopi ya A3 ya rangi ya ofisini, si mtambo, ambayo fundi wa Lushoto au Korogwe amewahi kuifungua mbele ya macho yake. Kazi kubwa azitume nje na kuzimalizia mwenyewe. Kila oda ya rangi aliyoikataa au kuituma aiandike, mwaka mzima, masika na kiangazi. Daftari likionyesha kurasa 5,000 kwa mwezi hata mwezi wa Aprili, akakope, na mimi nitampongeza. Likionyesha 2,000, wakala ataendelea kupiga simu, na ofa ya mwisho wa mwezi itakuwepo mwezi ujao pia.